Ndege ya Mwanetu Isiyofika Unguja

Leo hatuna mapishi wala mishono ya dira. Tunakuleteeni habari ya laptopu, na tafadhalini msicheke, maana ndani yake mna mtoto wa kike aliyekuwa karibu kuiacha fizikia.

Sisi ni mtu na dada yake, wa Unguja, tulioletwa Dodoma na kazi za serikali. Tunakaa nyumba moja huku Kisasa na binti yetu wa kidato cha pili. Tunasema wetu kwa sababu mmoja wetu kamzaa na mwengine kamlea, na yeye mwenyewe hatofautishi. Mjomba wake aliyeko Muscat alimletea laptopu iliyokwisha tumika, naye akaweka X-Plane 11, programu inayoigiza urushaji wa ndege. Si mchezo wa kufyatua risasi. Mna upepo, mafuta, uzito wa ndege, na ardhi ya karibu dunia nzima. Alichagua Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, na kila Ijumaa baada ya Isha akawa anairusha kwenda nyumbani. Kutoka Dodoma hadi Unguja kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 380, na kwa ndege ile ni karibu saa mbili.

Haikufika hata siku moja. Mara laptopu inazima yote, mara programu inajifunga yenyewe na kumwachia skrini tupu. Bibi yake kule Mwembetanga, ambaye hupigiwa simu safari inapoanza, akawa anauliza, "Mmefika?" na jibu ni lile lile. Baada ya wiki kadhaa mtoto akasema hana mkono wa vitu hivi, kila akishikacho kinakufa, na kwenye fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu hataandika fizikia. Hapo ndipo tulipoacha kuliita jambo hili la laptopu.

Jirani mmoja alisema ni kijicho. Fundi wa mjini alisema ni bodi, akataja bei inayokaribia kodi yetu ya miezi mitatu. Kijicho kipo, hatukatai, na dua tulisoma. Lakini tulikaa na mtoto tukamwomba atuandikie kwenye daftari, kila safari inapokatika, mambo matatu tu: saa ngapi, ndege iko wapi, na imekufa vipi.

Hilo la tatu ndilo lililofungua mlango. Kompyuta ikizima yote kwa mpigo, taa na feni vikanyamaza, mtu atazame joto na umeme kabla ya programu. Ikileta skrini ya buluu, mara nyingi ni dereva au kifaa cha ndani, kama ile kumbukumbu ya RAM. Ikiwa programu peke yake ndiyo iliyojifunga na kompyuta inaendelea na kazi, basi tafuta ndani ya programu na vile ulivyoiongezea. Daftari likaonesha kwamba tulikuwa na maradhi mawili, na tulikuwa tukiyaita kwa jina moja.

La kwanza lilikuwa vumbi. Nyinyi wa pwani mnaogopa kutu na chumvi, sisi huku kiangazi tunakula vumbi. Upepo wa Dodoma huingia hata kwenye kabati lililofungwa. Tulizima laptopu, tukaifungua kifuniko cha chini, tukaishika feni isizunguke na kuisafisha kwa brashi laini ya rangi. Lilitoka vumbi jekundu lililoshikana kama kitambaa. Na kitandani haiwekwi tena, maana godoro huziba matundu ya hewa. Tangu siku ile haijazima yote.

Hapo katikati mtoto akatuletea la tatu: injini ya ndege inakohoa ikiruka Dodoma, na Unguja haikohoi. Hili halikuwa ugonjwa hata kidogo, na ndilo lililotufurahisha kuliko yote. Kiwanja cha Dodoma kiko zaidi ya futi 3,600 juu ya usawa wa bahari, takriban mita 1,120. Hewa huku ni nyepesi, kwa hivyo mafuta yale yale yanayofaa pwani yanakuwa mengi mno kwa hewa iliyopo. Rubani hukivuta kidogo kishikio chekundu ili kupunguza mafuta, na injini inatulia. Programu ilikuwa ikimfundisha fizikia ile ile aliyotaka kuiacha.

Likabaki la kujifunga. Daftari lilisema ni baada ya saa moja na nusu, Milima ya Nguru imeshapitwa, Bagamoyo haijafika. Sasa, ni saa au ni mahali? Tukamwambia arushe kwenda upande wa pili, Tabora, ambako nako ni karibu saa mbili. Akapita juu ya Manyoni na Itigi, uwanda wa kati wote, akatua salama. Kisha akaanzia Morogoro, laptopu ikiwa baridi, akaelekea pwani. Haikupita nusu saa, ikajifunga pale pale. Ni mahali. Tukamtania kwamba kijicho hiki kinajua ramani.

X-Plane huigawa ardhi katika vipande vya digrii moja moja, na hupakia kipande cha mbele kabla hujakifikia. Unguja iko ng'ambo ya digrii ya 39 mashariki, na mstari huo unapita baharini karibu tu na Bagamoyo. Kwenye folda kuu ya programu mna faili liitwalo Log.txt, linaloandika kila hatua. Tukalifungua mara tu baada ya kujifunga. Mistari ya mwisho ilitaja folda moja: picha za satelaiti za Unguja alizoziongeza mwenyewe, nzito kupita kiasi, ili aione nyumba ya bibi yake. Laptopu ina RAM ya GB 8. Programu haikuwa na kosa. Ilikuwa inaombwa kubeba kisiwa kizima kwa mkono mmoja.

Alilia kidogo kuitoa folda ile. Paa la bibi halionekani tena.

Ijumaa iliyofuata aliweka upepo wa kusi, akavuka bahari, akatua kwa njia namba 18 akiwa ameuelekea upepo. Fomu ya skuli tuliitia saini wiki ile ile, na fizikia imo. Bibi alipoambiwa kwamba safari hii wamefika kweli, aliuliza zabibu za Dodoma ziko wapi.

Sasa anataka Pemba, na ameshaanza kukusanya picha za Chake Chake. Tumemwambia aziingize folda moja kwa siku, arushe, alisome Log.txt, ndipo aongeze nyengine.