Aliyeshika Kikombe



Iko picha moja niliyoitazama mara nyingi kitabuni, nami napenda kuwaeleza habari zake, kwa maana zatuhusu sisi wa Ugogo kuliko tunavyodhani.

Yapata mwaka 1743 Mwingereza William Hogarth alichora picha sita juu ya ndoa iliyofungwa kama biashara. Baba mmoja alikuwa na cheo bila fedha, wa pili alikuwa na fedha bila cheo. Basi wakaozana watoto wao. Katika picha ya nne yule mke yumo chumbani mwake, anatengenezwa nywele. Mmoja aimba, mwingine apiga filimbi, na wageni wanastarehe. Kitini pake pananing'inia marijani ya kutafunwa na mtoto aotaye meno, walakini mtoto mwenyewe hayumo. Tena wamo Waafrika wawili: mtumishi aletaye kikombe cha chokoleti, na mtoto aliyevaa kilemba, ameketi sakafuni.

Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 akapelekwa Uingereza angali mchanga, aliifanya upya picha hiyo mwaka 1986, kwa mbao zilizokatwa na kupakwa rangi. Mahali pa mleta kikombe akamweka mwanamke mweusi mchoraji. Na mwaka 2004 akaonyesha sanamu 100 za watumishi Waafrika wa nyumba za wakuu wa Ulaya. Kila mmoja akampa majina mawili: jina la kwao, na jina aliloitwa na bwana wake. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner.

Naliposoma habari ya majina yale, nalimkumbuka mpwa wangu. Mtama ulinyauka mwaka ule, naye akiwa na miaka 18 akapanda basi kwenda Dar es Salaam kutumika katika nyumba ya watu. Baada ya miaka 2 nalikwenda kumsalimu. Bibi wa nyumba alinipokea kwa upole, akaniketisha chini ya picha za jamaa yake zilizotundikwa ukutani. Nikamwuliza habari za mtoto wetu kwa jina lake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nani huyo?" Walikuwa wakimwita "dada" tu. Ndipo mpwa wangu akaingia na sinia la chai, akasema, "Shikamoo, mjomba." Nikamwitikia kwa jina alilopewa na bibi yake, kwa kuwa alizaliwa mvua ya kwanza ikinyesha. Watoto wa nyumba wakalirudia jina lile, wakicheka kwa ugeni wake, hata wakalijua.

Basi, ninyi wazazi, mpelekapo binti zenu mjini, litajeni jina lao kamili siku ya kupatana mshahara. Nanyi wenye watumishi hapa Dodoma, ambapo nyumba kubwa zimeongezeka tangu serikali kuhamia, waulizeni watoto wenu usiku huu: Yeye atuleteaye chai, jina lake nani?