Kitabu Mezani pa Daktari

Wagonjwa wengi humstahi daktari aandikaye dawa bila kutazama popote, na humtilia shaka yule afunguaye kitabu mbele yao. Wa kwanza huonekana bahari ya elimu. Wa pili huonekana mwanafunzi aliyesahau somo. Hukumu hiyo ni ya haraka, na yaweza kumponza mwenye kuitoa.

Elimu ya dawa ni kama ufuko: kila maji yajaapo na kupwa, mchanga hubadili sura. Itazamwe aspirini. Kwa miaka mingi akina mama wa Uingereza waliwapa watoto wao dawa hiyo kwa homa, wala hapana aliyewalaumu. Mwaka 1963 Douglas Reye, mtaalamu wa maradhi huko Sydney, alieleza pamoja na wenzake ugonjwa wa nadra uvamiao ubongo na ini la mtoto, aghalabu baada ya mafua makali au tetekuwanga. Baadaye ikadhihirika kuwa aspirini ina uhusiano nao. Mwaka 1986 Uingereza ilishauri watoto walio chini ya miaka 12 wasipewe. Mwaka 2002 mpaka huo ukasogezwa hadi miaka 16. Daktari aliyefuzu mwaka 1980 hakuwa amesahau somo lake hata kidogo. Alilikumbuka barabara, na hatari ilikuwa papo hapo.

Kwa sababu hiyo madaktari na wafamasia wa nchi ile huweka karibu kitabu kiitwacho British National Formulary. Mtangulizi wake alitoka mwaka 1941, wakati wa vita. Chenyewe kilichapishwa kwanza mwaka 1949. Tangu mwaka 1981 chapa mpya hutolewa mara mbili kila mwaka, na siku hizi husomwa hata katika simu. Humo huelezwa dawa yatibu nini, kipimo chake, nani asipewe, haipatani na dawa gani, na madhara yake ni yapi. Wala kazi yake si kukataza tu. Katika ugonjwa wa Kawasaki, ambao hudhuru mishipa ya moyo wa mtoto, aspirini ile ile hutolewa kwa uangalizi wa bingwa. Aliyehifadhi katazo peke yake angemnyima mtoto huyo dawa yake.

Kitabu hakina macho ya kumwona mgonjwa wala mkono wa kumpima. Kazi hiyo hubaki kwa daktari. Lakini hapana budi mgonjwa ajue kuwa dakika ile daktari ainamiapo kurasa, anamtumikia yeye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa shilingi yastahili daftari, uhai wa mtoto wastahili zaidi.