Safari Yetu ya Mtendeli

Wasomaji wetu wengi wa pwani walimjua Muha kwa mkonge. Katika enzi ya Waingereza watu wa Buha walishuka kwa maelfu kwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya Tanga. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopanda kwenda kuiona nchi yao. Sisi tulijaaliwa kuiona mwaka 2018, tulipokuwa wanafunzi wawili wa Mombasa, tukienda kuchungua khabari za afya ya jamii katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli.

Msafiri atokaye Kigoma hupanda mpaka Kasulu, akaendelea Kibondo, kisha Kakonko, wilaya iliyokatwa katika Kibondo mwaka 2012. Mtendeli imo humo. Udongo ni mwekundu, misitu ni ya miombo yenye mizinga ya nyuki, na kando ya nyumba pana migomba na maharagwe. Baridi ya alfajiri humfanya mtu wa Mombasa atafute shuka la pili.

Mtendeli ilipata kuwapokea Warundi katika vita vya miaka ya 1990, kisha ikafungwa. Fitina ya siasa ilipozuka tena Burundi mwezi wa Aprili 2015 na kenda ya watu kukimbia ilipoanza, wengi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha ufukwe wa Ziwa Tanganyika, na mwezi wa Mei kipindupindu kikawaingia. Wakachukuliwa kwa meli mpaka Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi iliyowekwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nyarugusu ikajaa kupita kiasi. Ndipo Nduta ilipofunguliwa upya Oktoba 2015, na Mtendeli Januari 2016.

Mgeni hawezi kuingia huko na daftari lake akauliza apendavyo. Hutakiwa kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, idhini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wako wanaoona huu ni usumbufu. Sisi twasema ni haki, kwa sababu mkimbizi akimwona mtu mwenye kalamu na karatasi aweza kudhani kuwa ndiye mwenye kugawa posho, akaogopa kumkatalia. Kwa hiyo katika kila nyumba neno letu la kwanza lilikuwa hili: sisi hatugawi kitu, na asiyependa kujibu hapunguziwi kitu.

Walioyafungua maneno hayo ni wahudumu wa afya wa jamii, nao ni wakimbizi vilevile. Hao ndio wapitao nyumba kwa nyumba wakitazama mtoto mwenye homa, mama mjamzito, na chandarua kilichochanika. Maana malaria ndiyo iliyokuwa ikiwalaza watu wengi zaidi. Kiswahili chetu hakikufika kila mlango, bali Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu, hata Muha wa kijiji jirani husemezana na Mrundi bila ya mkalimani. Nasi tulisikia “amazi” tukajua ni maji, “umwana” tukajua ni mwana. Salamu yao ni “amahoro”, yaani amani, na sisi tuliozoea salaamu hatukuiona ngeni.

Siku moja bibi mmoja mtu mzima alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Wajukuu zangu, mwatuuliza kama twanawa mikono. Tuulizeni kwanza maji ya kunawia twayatoa wapi. Na wale waliokuja kabla yenu wakaandika, majibu yao yako wapi?”

Neno lile lilikuwa zito kuliko daftari zetu zote. Kipimo kinachokusudiwa katika kambi za wakimbizi ni lita 20 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua; na Mtendeli ilijulikana kwa uhaba wa maji. Kumhubiria usafi mwenye ndoo tupu ni kumwongezea mzigo. Basi kabla ya kuondoka tuliwakusanya wahudumu na wazee chini ya mti, tukawasomea tuliyoyaandika, bila ya kutaja jina la mtu wala nyumba. Walitusahihisha mahali pengi, na yule bibi alikuwapo.

Kama tungaliahirisha, tusingaliwapata tena. Mtendeli ilifungwa Desemba 2021. Waliosalia wakahamishiwa Nduta, na wengine walikuwa wamekwisha rejea Burundi.

Vijana wetu wengi sasa wanakwenda nchi za watu kusomea afya. Twawausia hivi: khabari ya maradhi ya mtu ni amana. Aliyekufungulia mlango akakueleza ana haki ya kujua umeona nini, tena aambiwe mapema, angali yupo pale pale ulipomkuta.