Mbung'o hatagi, mwanangu

Nimekuwa kimya hapa wiki mbili nzima. Sababu ni aibu, na leo naitoa.

Gazetini kwetu niliandika habari ya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o. Aya ya tatu nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba mbung'o "hutaga mayai vichakani". Shahada ninayo, lakini sikuuliza mtu wala kufungua kitabu.

Niliporudi kwenye kile kijiji karibu na hifadhi ya Saadani, mzee aliyenipa habari alikuwa ameshasomewa gazeti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, mbung'o hatagi. Anazaa. Ukimminya jike mwenye mimba, anatoka funza mmoja." Aliyasema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma. Mzee huyu nagana imemmalizia maksai wanne wa kulimia.

Basi nikaenda kusoma. Jamani, mzee yuko sahihi! Yai moja huanguliwa tumboni mwa mama, na funza hukaa humo akinyonya maziwa yanayotoka kwenye tezi maalumu. Kila siku tisa au kumi hivi huzaliwa mmoja, naye hujifukia ardhini. Maisha yake yote mama huzaa wanane hadi kumi tu.

Sasa, maziwa yanahitaji maji, na utando wa seli ni wa mafuta. Maji yanapitaje kwa wingi? Yapo mapito ya protini yanayoitwa akwaporini, membamba kiasi kwamba molekuli za maji hupita kwa mstari mmoja mmoja. Mmarekani Peter Agre na wenzake walithibitisha kazi yake mwaka 1992, na mwaka 2003 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Roderick MacKinnon.

Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba mbung'o ana jeni kumi za akwaporini, na mbili kati yake hufanya kazi sana kwenye tezi ya maziwa. Walipozima jeni tatu kwa pamoja, mimba ilichelewa siku nne hadi sita, maziwa yakawa mazito, funza wakakaukiwa maji wakiwa tumboni, na uzazi ukapungua karibu nusu.

Nilimweleza mhariri. Akauliza nani anajali uzazi wa inzi, halafu akanipa mistari miwili ya masahihisho chini ya ukurasa wa tisa. Nashukuru hata hiyo.

Nikampigia mzee simu, nikamsimulia yote. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Hiyo milango ya maji, kufuli yake imepatikana?" Nikamwambia ukweli kwamba wale mbung'o walidungwa sindano maabara, na porini ni kazi nyingine. Lakini nikamkumbusha Unguja. Kule, kuanzia mwaka 1994, yalimwagwa kwa ndege madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi, na kufikia 1997 mbung'o walikuwa wamekwisha. Mdudu anayezaa mmoja mmoja, ukimgusa uzazi umemgusa pabaya.

"Haya," akasema mzee. "Ukisikia ya kufuli, uje uniambie. Lakini uulize kwanza kabla hujaandika."

Nimesikia, mzee wangu. Wasomaji, samahani kwa ile aya ya tatu.