Kapseret: Mizani humpima mtoto, nani atampima mama?

UKITAKA kufika Kapseret, mpenzi msomaji, panda matatu za kuelekea Kapsabet na Kisumu kutoka katikati ya Eldoret. Kwanza utapita Langas, mtaa wa vyumba vya kukodisha vilivyobanana, ambako nguo za watoto huanikwa kamba kwa kamba. Halafu nyumba zitapungua, mashamba ya mahindi yataanza, na upepo wa baridi utakukumbusha kwamba hapa ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukisikia mngurumo juu ya kichwa chako usishtuke. Ni ndege inayotua katika Uwanja wa Kimataifa wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997, kilomita 16 hivi kutoka mjini.

Kapseret ni jina la kituo cha biashara na pia la eneo bunge zima, lililozaliwa wakati wa uchaguzi wa 2013 likiwa na wadi tano: Simat/Kapseret, Kipkenyo, Ngeria, Megun na Langas. Upande mmoja mji unasukuma, hasa tangu Eldoret ipandishwe hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024. Upande wa pili bado kuna ng'ombe wa gredi, mitungi ya maziwa juu ya bodaboda, na mursik kwenye kibuyu nyumbani.

Mgeni akitazama neema hii atauliza: mtoto wa hapa atakosaje kunawiri? Swali hilo ndilo lililonileta kwako leo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hiyo ni nafuu kubwa ukilinganisha na asilimia 26 ya mwaka 2014, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watano. Umaskini, maradhi na uhaba wa chakula bora vinajulikana. Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana, nalo ni afya ya moyo wa mama mwenyewe.

Hebu jongea nami hadi kwenye kliniki ya watoto, iwe ya Kapseret au kwingineko nchini, maana utaratibu ni ule ule. Akina mama wameketi kwenye benchi, watoto wamefunikwa mablanketi, na kila mmoja ana kijitabu cha mama na mtoto. Mtoto huvuliwa nguo, huwekwa kwenye mizani, na uzani wake hutiwa nukta kwenye chati. Chanjo zina tarehe zake: anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa tisa na kuendelea. Ikiwa mstari wa chati umeanza kushuka, muuguzi humuuliza mama: Ananyonya vizuri? Ameharisha? Umemwanzishia chakula gani?

Ni maswali mazuri na ya lazima. Hata hivyo, aghalabu halipo lile swali moja: Na wewe, mama, unaendeleaje? Mtoto akilala, wewe unapata usingizi?

Wakalenjin, ambao ndio wenyeji wa sehemu hizi, wana desturi nzuri ya majina. Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Kiprop au Cherop. Aliyezaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani ni Kiprotich au Cherotich, na wa mchana ni Kibet au Chebet. Jina huhifadhi saa, hali ya anga na hata mifugo ilikuwa wapi. Mzazi naye, tangu siku hiyo, majirani humwita Mama Kiprop au Mama Chebet. Jina lake la usichana linaanza kusahaulika, na mara nyingi hali yake pia inasahaulika pamoja nalo.

Maradhi ninayoyazungumzia wataalamu huyaita sonona. Mitaani watu husema tu, "ana mawazo mengi". Yasichanganywe na ule unyonge wa siku za kwanza baada ya kujifungua, wakati mama anaweza kulia bila sababu na kucheka baada ya dakika tano. Unyonge huo huwapata akina mama wengi na huisha wenyewe katika muda wa wiki mbili. Sonona hukaa. Inaweza kuanza hata mimba ikiwa ingali tumboni. Mama hukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, chakula hakimpandi, mambo aliyoyapenda hayamvutii tena, anajilaumu kwa kila kitu, na wakati mwingine anamtazama mwanawe kama wa jirani. Halafu anaona haya kulisema hilo, kwa kuwa kila mtu anamwambia amebarikiwa.

Si maradhi ya wazungu, kama wengine wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, wanawake wapatao 16 katika kila 100 hupatwa na matatizo ya akili wakati wa ujauzito, na karibu 20 baada ya kujifungua, hasa sonona. Kwa hivyo benchi la kliniki likiwa na akina mama kumi, huenda wawili wao wameubeba mzigo huu kimya kimya.

Sasa sonona ya mama inafikaje kwenye mizani ya mtoto? Njia ni fupi, msomaji wangu. Mama asiye na nguvu ya kuinuka kitandani huchelewa kumwona mtoto anayetafuta titi. Kunyonyesha kunakuwa kazi nzito, na anaweza kuacha mapema, ilhali ushauri ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Maji hayachemshwi, mikono hainawiwi, na kuhara kunaingia. Tarehe ya chanjo inapita. Homa inayohitaji daktari leo inangoja hadi kesho kutwa. Kisha duara linajifunga, kwa sababu mtoto anayelia na kuugua kila mara humzidishia mama huzuni na kujilaumu.

Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti 17 kutoka nchi zinazoendelea na kuziweka pamoja. Waligundua kuwa watoto wa akina mama wenye dalili za sonona walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa takriban mara moja na nusu, ya kuwa na uzani mdogo au kudumaa. Tahadhari inahitajika hapa: umaskini huleta njaa na pia huleta huzuni, na si rahisi kuvitenganisha. Yeyote asitumie takwimu hizi kumnyooshea mama kidole. Mgonjwa haulizwi kwa nini aliugua malaria.

Ukirudi Langas utaelewa kwa nini upweke ni hatari. Zamani, katika jamii zetu nyingi, mzazi alipumzishwa. Shangazi na nyanya walipika uji wa wimbi, wakachota maji, wakampokea mtoto usiku. Kule pwani Waswahili bado wanazihesabu siku 40. Lakini msichana aliyekuja Eldoret kutafuta kibarua kutoka Kakamega, Kisii au Nandi anajifungua, anarudi kwenye chumba kimoja, na baada ya siku chache anafua nguo za watu ili alipe kodi. Kule Megun na Ngeria ana shamba na wakwe, ila nyumba ya jirani ni mbali, na ng'ombe hawangoji. Na wapo Langas waliozishuhudia ghasia za mapema 2008, ambao makovu yao hayaonekani kwa macho.

Je, kuna dawa? Ndiyo, na nyingine haiuzwi dukani. Katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, Dkt Atif Rahman na wenzake waliwafunza wahudumu wa afya wa kijijini, wanawake wa kawaida waliomaliza shule ya sekondari, namna ya kuzungumza na akina mama wajawazito waliokuwa na sonona. Waliwatembelea mara 16, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalihusu wanawake 903. Mtoto alipofikisha miezi sita, asilimia 23 ya waliotembelewa kwa mazungumzo hayo walikuwa bado na sonona, ikilinganishwa na asilimia 53 ya waliotembelewa kwa njia ya kawaida. Watoto wao waliharisha kwa nadra zaidi na wengi zaidi walimaliza chanjo. Uzani na kimo havikutofautiana sana, jambo linalotukumbusha kuwa mazungumzo hayajazi sahani. Chakula na faraja vinahitajiana.

Kenya haina haja ya kuanza kutoka mwanzo. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao hutembelea familia nyumba kwa nyumba. Mjini Eldoret kwenyewe, shirika la AMPATH, linalozishirikisha Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi, ndilo lililoanzisha mwaka 2012, kule Busia, vyama vya wajawazito na akina mama wenye watoto wachanga. Wanakutana, wanajifunza, wanaweka akiba, na kila mmoja anajua kwamba asipofika, wenzake watauliza yuko wapi. Upo pia mtihani mfupi wa maswali kumi, uliotungwa Scotland na kuchapishwa mwaka 1987, unaomuuliza mama hali yake ya siku saba zilizopita. Unaweza kujazwa pale pale kwenye benchi, akisubiri zamu ya mizani.

Nawe, baba Kiprop, usingoje mhamasishaji. Mshike mtoto kwa saa mbili mwenzio alale. Mama mkwe, punguza maneno na uongeze uji. Ikiwa huzuni imepita wiki mbili, mpeleke kituo cha afya. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kumpa hata akiwa ananyonyesha. Na akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kutamka kwamba afadhali afe au mtoto asingekuwako, usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Moi, mjini Eldoret, ina wataalamu wa maradhi ya akili.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi utakapopita Kapseret na kumkuta mzazi mlangoni, msifu mtoto wake kwa moyo wote, kisha muulize habari zake mwenyewe. Ukiisha kuuliza, keti usikilize jibu.