Mtoto aliyefiwa na tamthilia za mizimu: Mzazi asikimbilie rimoti

Swali lenyewe huwa fupi, na mara nyingi huja wakati televisheni inazimwa: "Kwa hiyo na baba anaweza kuja kuongea na sisi?"

Mtoto anayeuliza hivyo ametoka kutazama tamthilia ambayo wafu wanatembea, wamevaa nguo zao za siku zote, na wanamtuma mwanamke mmoja awapelekee ujumbe nyumbani. Kwa mtoto ambaye wazazi wake wote wapo, hiyo ni hadithi ya kusisimua. Kwa mtoto aliyezika mzazi mwaka huu, hiyo ni habari njema, na anataka kujua lini itamfikia na yeye.

Tamthilia inayojulikana zaidi ya aina hii ni Ghost Whisperer ya Marekani. Kituo cha CBS kilianza kuirusha Septemba 2005 na kuimaliza Mei 2010, baada ya misimu mitano na sehemu 107. Mhusika mkuu, Melinda Gordon, aliyeigizwa na Jennifer Love Hewitt, ana duka la vitu vya kale katika mji mdogo uitwao Grandview. Mumewe, Jim, ni mhudumu wa gari la wagonjwa. Mwaka huohuo wa 2005, kituo cha NBC kilianza kurusha Medium, ambamo Patricia Arquette aliigiza mama wa watoto watatu wa kike anayeota ndoto na kuona wafu, huku akiwasaidia waendesha mashtaka kutatua kesi.

Mwendo wa Ghost Whisperer karibu ni uleule kila wiki. Kuna roho haijaondoka duniani kwa sababu imeacha jambo. Mara ni samahani ambayo haikusemwa, mara ni siri, mara ni mtu anayejilaumu bure. Melinda anaisikiliza, anawatafuta ndugu, anafikisha ujumbe. Watu wanalia, roho inaona mwanga, inaondoka. Ndani ya saa moja, matangazo ya biashara yakiwemo, msiba umeisha.

Palipo na ukweli

Ni rahisi mzazi kusema huu ni upuuzi na kubadilisha chaneli. Lakini tamthilia hii imeshika jambo moja ambalo watafiti wa afya ya akili nao wamelikuta: uhusiano na aliyekufa haukatiki siku ya mazishi.

Mwaka 1971, daktari Dewi Rees wa Wales alichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza matokeo ya mazungumzo yake na wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walisema wamewahi kuhisi kuwa mwenza wao aliyefariki yupo karibu. Wengine walimwona, wengine walisikia sauti yake. Hawakuwa wagonjwa wa akili. Wengi walisema hali hiyo iliwafariji, na wengi hawakuwa wamewahi kumwambia mtu yeyote.

Kwa watoto, utafiti unaotajwa sana ni ule uliofanyika Boston, Marekani, ukiongozwa na Phyllis Silverman na William Worden. Walifuatilia watoto 125 kutoka familia 70, wote wakiwa wamefiwa na baba au mama. Wengi waliendelea kumwota mzazi, kuongea naye, kutunza shati au saa yake, na kuhisi kwamba anawatazama kutoka mbinguni. Wapo waliofarijika kwa kutazamwa huko. Wapo pia walioogopa, kwa sababu anayekuona daima anakuona hata ukikosea.

Kwa hiyo mtoto anayesema "jana niliongea na mama" hajaharibikiwa. Wala si lazima awe ameiga televisheni.

Panapopotosha

Shida inaanzia kwenye umri. Ili mtoto aelewe kifo, anahitaji kujua mambo matatu: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake haufanyi kazi tena, yaani hapumui, hasikii njaa wala baridi, na kwamba kila kiumbe hai kitakufa. Watoto wengi huyaelewa haya kati ya miaka mitano na saba. Kabla ya hapo, kufa na kusafiri kwao ni vitu vinavyokaribiana.

Sasa mpe mtoto wa miaka mitano msimu wa nne wa Ghost Whisperer. Jim anapigwa risasi na kufa. Roho yake inaingia katika mwili wa mwanamume mwingine aliyefariki ajalini, mwanamume huyo anaamka bila kumbukumbu, na hatimaye Melinda anampata tena mumewe akiwa katika mwili wa mtu mwingine. Mtu mzima anajua kwamba waandishi walitaka kuendeleza hadithi. Mtoto anajifunza kwamba akivumilia vya kutosha, baba atarudi, pengine katika sura ya mgeni atakayebisha hodi.

Jambo la pili ni lawama. Watoto wadogo huamini kwamba mawazo yao yanaweza kusababisha mambo. Aliyemwambia kaka yake "ufe" wakigombania mpira, kisha kaka akafa kwa malaria, anaweza kubeba siri hiyo miaka mingi. Tamthilia iliyojaa roho zenye hasira na kinyongo inamthibitishia hofu yake: kaka hajapumzika, na sababu ni mimi.

La tatu ni kasi. Majonzi ya mtoto hayaendi kama sehemu moja ya tamthilia. Leo anacheza kombolela kana kwamba hakuna kilichotokea, kesho analia kwa sababu kalamu ya mama imeisha wino. Akifika darasa la saba au akivunja ungo, majonzi yanaweza kurudi upya, maana ndipo anapogundua nani hayupo wa kumshika mkono.

La nne linamhusu mzazi mwenyewe. Katika tamthilia, ujumbe hupitia kwa mtu mwenye kipawa, na hatozi hata senti. Mtaani, anayedai kuongea na marehemu wako ana bei. Ghost Whisperer yenyewe ilimhusisha James Van Praagh, anayejulikana Marekani kwa kudai kuwasiliana na wafu, kama mmoja wa watayarishaji wakuu. Madai ya aina hiyo hayajawahi kuthibitishwa kisayansi. Familia iliyo katika msiba ndiyo rahisi kuliko zote kuishia na deni juu ya machozi.

Pengo linalozibwa na televisheni

Hata hivyo, kabla ya kuilaumu tamthilia, ni vyema kutazama yanayosemwa nyumbani.

Katika familia nyingi, siku ya msiba watoto hupelekwa kwa jirani. Wakiuliza, wanaambiwa "baba amesafiri", "mama amelala", au "Mungu alimpenda zaidi". Nia ni njema. Lakini aliyesafiri hurudi, na aliyelala huamka. Mtoto aliyeambiwa mama amelala anaweza kuanza kuogopa kitanda chake mwenyewe, na wazazi wakadhani ni ukaidi. Aliyeambiwa Mungu alimpenda zaidi anaweza kuanza kumwogopa Mungu.

Baada ya hapo huja ukimya. Jina la marehemu halitajwi, picha inashushwa ukutani, na mtoto anajifunza kwamba kumtaja baba kunamliza mama. Katika ukimya huo, Melinda Gordon anakuwa mtu mzima pekee aliyekubali kuongea na mtoto kuhusu wafu. Ndiyo maana anaaminiwa.

Inashangaza kwamba tamthilia yenyewe inalijua hilo. Sehemu yake ya kwanza inaanza na Melinda akiwa mtoto, kwenye mazishi, pamoja na bibi yake. Bibi hamnyamazishi. Anamsikiliza na kumweleza anachokiona. Ukiondoa mizimu, kinachobaki ni mtoto aliyefika msibani akakuta mtu mzima mmoja wa kumjibu.

Mzazi afanye nini

Aitazame pamoja na mtoto, hasa kama mtoto amefiwa karibuni. Kwa walio chini ya miaka saba, ni bora kuiacha kabisa. Kwa wakubwa, swali moja baada ya kutazama linatosha kufungua mazungumzo: "Ungepata nafasi ya kumwambia baba jambo moja, ungemwambia nini?"

Atumie neno lenyewe. "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hatarudi, na hatutaacha kumpenda." Imani ya familia ielezwe baada ya hapo, ikiwa imani: hivi ndivyo sisi tunavyoamini kuhusu aliko. Mtoto anaweza kubeba vyote viwili iwapo havikuchanganywa.

Amwambie waziwazi, hata kama hajauliza: "Si kwa sababu ya ulichosema wala ulichofanya."

Ampe njia ya kufikisha ujumbe wake bila kumtafuta mwenye kipawa. Barua ya kusoma kaburini. Sanduku dogo lenye miwani ya baba, tiketi ya basi, picha. Kupika chakula alichokipenda mama siku ya kumbukumbu yake. Mtoto akiongea na marehemu kabla ya kulala, aachwe aongee.

Dalili zinazohitaji msaada nazo zijulikane. Mtoto asiyelala au asiyekula kwa wiki kadhaa, aliyekataa shule, anayerudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, au aliyejitenga na marafiki kwa muda mrefu, apelekwe kituo cha afya au kwa ofisa ustawi wa jamii. Anayesema anataka kumfuata marehemu asisubirishwe hata siku moja, na asiachwe peke yake. Tanzania na Kenya, simu ya msaada kwa mtoto ni 116, na kupiga ni bure.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi waliofiwa hulificha: wanaogopa kulizungumza kwa sababu watalia mbele ya mtoto. Kulia hakumdhuru. Wale wajane na wagane wa Wales walikaa na siri yao miaka mingi mpaka daktari alipowauliza. Mtoto anayemwona mama akilia, akafuta machozi, kisha akaendelea kusimulia jinsi baba alivyokuwa akicheka, anajifunza kwamba jina hilo linaweza kutajwa mezani, na chakula kikaendelea kuliwa.