Mto Wetu Ulikuwa Umeandikwa

Mwaka wa mwisho wa chuo niliumalizia nyumbani Rujewa kwa sababu ya ukata. Mkopo sikupata. Mpunga wa mzee nao ulikauka kabla ya kutoa masuke, maana maji ya mfereji yaliishia kwa wenye mashamba ya juu, na ada yangu ilikuwa inatoka kwenye magunia hayo hayo. Nikakirudisha chumba cha kupanga, nikapanda basi na ripoti ya utafiti iliyokataliwa. Msimamizi alitaka mapitio ya machapisho, si madesa.

Utafiti wenyewe ulihusu mgao wa maji kwa wakulima wa mpunga Mbarali. Wakulima nilikuwa nao, machapisho sina. Usiku nilijiunga bando nikaperuzi kwa simu, na kila makala iliyotaja Usangu, bonde letu, ilinionyesha muhtasari kisha ikadai dola. Dola, kwa mtu anayekula dagaa wa kukopa! Nilishaanza kuulizia kibarua kwenye mashine za kukoboa.

Namshukuru Mungu kwa mkutubi mmoja wa chuo chetu. Nilimpigia nikiomba kitabu kitumwe kwa basi. Akasema, "Mwanangu, kitabu cha nini? Majarida hayo chuo kinayo." Akanielekeza kuingia AGORA, mpango ulioanzishwa mwaka 2003 na FAO pamoja na wachapishaji, ili taasisi za nchi kama yetu zisome majarida ya kilimo bure au kwa ada ndogo. HINARI, wa afya, chini ya WHO, uliutangulia mwaka 2002. Mwanafunzi halipi kitu, ilimradi chuo chake kimesajiliwa naye amepewa jina la mtumiaji na neno la siri. Chuo chetu kilikuwa kimesajiliwa muda wote huo, na darasani hakuna aliyetuambia.

Humo nikaukuta mto wetu. Watafiti walishaandika jinsi Ruaha Mkuu ulivyoanza kukauka kiangazi kule kwenye hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1993, na jinsi maji yanavyochepushwa kwenda mashambani. RIPARWIN, mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa ng'ambo, ulifanya kazi Usangu miaka ya mwanzo ya 2000. Nilimsimulia mzee jioni, akacheka sana: "Kumbe ugomvi wetu wa mfereji unasomwa hadi Ulaya?"

Ripoti ilipita, nikahitimu.

Nanyi mnaoanza chuo, kabla hamjanunua desa lolote, nendeni kwa mkutubi mkaombe neno la siri. Asipowapa, ulizeni tena.